Kwa nini gemu za konsoli na za PC zisiwe jukwaa moja tu?

PediMbili

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanikera kitambo sasa na naona hapa ndo kuna watu wa kunijibu vizuri. Nina konsoli, lile boksi la gemu la kuchomeka kwenye tivii, baadaye nikajichanga nikanunua na PC ya gemu. Kuna gemu moja kubwa nimeicheza konsoli mpaka ramani karibu yote nimeifungua, farasi nimemlea mpaka kafika levo ya mwisho, silaha ndo usiseme. Nikasema sasa naihamishia PC nikaone grafiki zake zikiwa zimefunguliwa zote. Wapi! Duka la PC halina habari kama nilishalipia, linataka hela yote upya, na hata ukilipa unaanza kulekule mwanzo, jamaa kaamka ufukweni hana hata viatu. Gemu ileile, kampuni ileile, mpaka muziki wa menyu uleule.

Filamu ukishainunua haikuulizi televisheni yako kaitengeneza nani. Kwa nini gemu ziwe tofauti? Kwa nini hawa wakubwa wasikae meza moja wakakubaliana kuwe na jukwaa moja, gemu unainunua mara moja, ukitaka unacheza kwenye konsoli ukitaka PC, save yako (rekodi ya ulipofikia) inakufuata, na rafiki yako mwenye mashine nyingine mnakutana humohumo?

Naomba nieleweshwe kabisa, kinachozuia ni ufundi au ni hela? Na kuna dalili yoyote tunaelekea huko au ndo nisahau?

Fundi_Bodi

Mkuu PediMbili swali zuri sana hili, mi nikujibu upande wa vyuma kwanza maana ndo ninaoujua.

Kwa vyuma, konsoli na PC zimeshaungana siku nyingi. Zamani ndo kulikuwa na tofauti ya kweli. PS3, yaani PlayStation 3 ya Sony iliyotoka 2006, ilikuwa na prosesa ya Cell, kitu cha ajabu ambacho hakifanani na PC yoyote, waandikaji wa gemu waliteseka nayo miaka, ukitaka kuihamishia gemu PC ni kama unaiandika upya. Xbox 360 ya Microsoft ya 2005 nayo ilitumia PowerPC, familia ya prosesa tofauti na za PC. Halafu ikafika Novemba 2013, PS4 na Xbox One zote mbili zikaja na prosesa ya AMD ya x86 yenye viini vinane na RAM ya GB 8, yaani amri zilezile zinazoeleweka na kompyuta ya kawaida. 2020 PS5 na Xbox Series X zikaendelea hukohuko, AMD Zen 2, grafiki za RDNA 2, GB 16. Na wala halikuwa jambo jipya, Xbox ya kwanza kabisa ya 2001 ndani ilikuwa na Pentium III ya Intel ya MHz 733, chipu ya grafiki ya Nvidia na diski ngumu, PC kabisa iliyovalishwa boksi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama PS5 na PC zinaweza kuelewana, vyuma vyenyewe vinaelewana. Aliyebaki pembeni ni Nintendo, Switch zote mbili, ya 2017 na Switch 2 ya 2025, zinatumia chipu za Nvidia zenye viini vya ARM, familia ya prosesa kama za simu, huko ni safari nyingine.

Lakini usidhani ufundi umeisha hapo. Kuna vitu viwili bado vinasumbua. Cha kwanza ni namna gemu inavyoongea na kadi ya grafiki. Xbox inatumia lugha iitwayo DirectX sawa na Windows, ndo maana gemu ya Xbox kuja PC ni mteremko. Sony wana lugha yao wenyewe ya ndani, haipo popote nje ya PlayStation, hapo lazima mtu akae aandike upya sehemu ya grafiki.

Cha pili ni sheda, na hapa ndo wengi hawaelewi. Umeshafungua gemu mpya PC ukakuta mstari unatambaa taratibu umeandikwa inaandaa sheda, feni zinavuma, prosesa imepanda asilimia mia, na wewe unakodolea macho tu? Sheda ni viprogramu vidogo vinavyoiambia kadi ya grafiki rangi iweje, mwanga upige vipi, maji yang'ae vipi, na lazima vitafsiriwe kwa ajili ya kadi husika na draiva husika, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi. Kwenye konsoli mashine zote za aina moja zina chipu moja, kwa hiyo mtengenezaji anazitafsiri zote hukohuko kwake, wewe unazipata zimeiva. Kwenye PC kuna kadi nyingi mno na matoleo ya draiva hayahesabiki, hakuna wa kuzipika mapema, mashine yako ndo inapika. Gemu ikiwa haikupika kabla basi itapika katikati ya mchezo, na ndo pale unarusha bomu la kwanza picha inaganda kidogo halafu inaendelea, bomu la pili halina shida maana sheda yake ishapatikana. Mtu ana kadi ya bei mbaya kabisa na bado anagandiwa, mwenye konsoli anateleza tu.

Sasa ukisema jukwaa moja, unasemaje hapo, jukwaa moja la mashine moja au la mashine elfu?

Mzee_Katriji

Fundi kaeleza vizuri ila mi naona kaanzia pembeni kidogo. Tatizo kubwa ni hela vijana wangu, ufundi ukitafutiwa dawa inapatikana. Na hili wazo lilishajaribiwa, tena zaidi ya mara moja.

1983 kulikuwa na MSX. Microsoft ya Japani na kampuni ya ASCII walitoa kiwango kimoja cha kompyuta ya nyumbani, kampuni yoyote ikitaka inaunda, Sony waliunda, Panasonic waliunda, Philips waliunda, na katriji ya gemu ukiitoa kwenye hii unaichomeka kwenye ile inacheza. Japani ilikwenda vizuri, Brazili na baadhi ya nchi za Ulaya pia. Metal Gear ya kwanza kabisa, 1987, ilitokea kwenye MSX2. Kwa hiyo asikwambie mtu haiwezekani.

Halafu 1993 ikaja 3DO, na hii ndo yenye funzo haswa. Trip Hawkins, yule aliyeanzisha Electronic Arts, akaja na wazo hilihili lako, kwamba tuweke kiwango kimoja cha konsoli, kampuni yake ichore, na wengine waunde, Panasonic, GoldStar, Sanyo. Na mtengeneza gemu alipe dola 3 tu kwa kila nakala, wakati kwingine alikuwa anatozwa zaidi sana. Kwa mtengeneza gemu ni neema. Lakini hebu fikiria wewe ni Panasonic, gemu zikiuzwa hupati kitu, mgao unakwenda kwa wenye kiwango. Utapata wapi faida? Kwenye boksi lenyewe. Basi 3DO ikaingia sokoni Marekani kwa dola 699.99. Watu wakaitazama dirishani wakapita. PlayStation ilipofika huko 1995 ilikuwa dola 299, na 1996 3DO ikawa imefungwa kurasa.

Hapo ndo siri ya konsoli ilipo. Wanaouza konsoli wanakubali kulipunja boksi bei, mara nyingine wanauza kwa hasara kabisa, PS3 mwanzoni Sony walikuwa wanapoteza kwa kila moja iliyotoka dukani. Wanarudisha kwenye gemu, kawaida asilimia 30 ya kila unachonunua kwenye duka lao, pamoja na ule usajili wa kila mwezi wa kucheza mtandaoni ambao PC haupo. Sasa leo uwaambie fungueni, mtu akinunua boksi lenu la bei nafuu aende akanunue gemu kwenye maduka ya PC kama Steam au Epic, hiyo asilimia iende kwingine. Atakubali nani? Akikubali basi boksi litapanda bei mpaka lilingane na PC, na wewe uliyetaka konsoli kwa unafuu wake utakuwa wa kwanza kulalamika.

Ndo maana save yako haikufuati mkuu. Huo ufuo jamaa anaoamkia bila viatu ni mpaka kati ya duka na duka.

KipanyaTu

Mi nimesoma yote nakubaliana na Mzee kuhusu hela lakini kuna watu mnaongea kama kila mtu anataka huo muungano. Mi sitaki, angalau sio kwenye gemu za ushindani, na nina sababu.

Kwanza kucheza pamoja kati ya mashine tofauti sio kitu kipya, Final Fantasy XI ilitoka 2002 PS2 na baadaye wa PC na wa Xbox 360 wote wakawa kwenye seva zilezile, na hakuna aliyelalamika kwa sababu ile sio gemu ya kulengana shabaha. 2007 Microsoft wakajaribu na Shadowrun, gemu ya risasi, wa Xbox 360 na wa Windows Vista uwanja mmoja, na papo hapo ikabidi wachezee namna ya kulenga ili mwenye kipanya asimmalize mwenye pedi. Kipanya ni kipanya wakuu, unageuka nyuma kwa mkono mmoja unarudi, mwenye pedi bado anasukuma kijiti. Ndo wakaweka ule usaidizi wa kulenga kwenye pedi, sasa ukiuongeza wenye vipanya wanasema pedi inalenga yenyewe, ukiupunguza wenye pedi wanasema wanachinjwa, na ugomvi huu upo kila gemu mpaka leo. Kampuni ya Riot walipopeleka gemu yao ya risasi Valorant konsoli 2024 waliamua moja kwa moja, wa konsoli wacheze wenyewe kwa wenyewe na wa PC kivyao. Mi naona walifanya la maana kabisa.

Pili wanaochiti. PC ni mashine iliyo wazi, unaweka programu unayotaka, na hiyo ndo raha yake lakini ndo mlango wa wezi. Kuona watu nyuma ya ukuta, kulenga kwenyewe, vyote vinaanzia PC. Ndo maana gemu zimeanza kutaka programu za ulinzi zinazoingia mpaka kwenye keneli, yaani kiini chenyewe cha Windows, Vanguard ya Riot kwa Windows 11 inataka mpaka vitu vya usalama vya kompyuta viitwavyo TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa. Konsoli hujui hata hayo ni nini, umewasha umecheza. Wachezaji wengi wa konsoli ninaowajua kitu cha kwanza wakifungua gemu ya risasi ni kuzima krosiplei (kucheza na wa mashine nyingine) na PC, na konsoli kwa konsoli wanaacha wazi. Sasa mkiunganisha jukwaa liwe moja huo mlango utafungwa na nani?

Na ninayesema haya mi mwenyewe ni mtu wa PC tangu utoto, jina langu mnaliona.

PediMbili

Aisee nashukuru sana wote, sikutegemea majibu ya uzito huu. Kipanya nimekuelewa, sikuwaza upande wa kuchiti kabisa, mi gemu zangu ni za kucheza peke yangu au na mdogo wangu tu.

Lakini basi tulipunguze swali. Tuachane na kuunganisha mashine, tuachane na kuunganisha uwanja wa mashindano. Haki ya kununua na ile save tu. Hivyo viwili vinahitaji nini kikubwa? Save ni faili dogo, halifiki hata ukubwa wa picha chache za simu. Mzee kasema ni hela, sawa, ila mbona kuna gemu nyingine zinaruhusu? Jamaa yangu ana gemu anaicheza konsoli jioni na asubuhi anaiendeleza kwenye laptop, nimeona kwa macho yangu.

BintiKodi

Habari zenu. Nipo kwenye kazi ya kuhamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine, hivyo hili nalila kila siku, naomba nichangie kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kaka PediMbili umefanya vizuri kulipunguza swali, maana vitu ulivyotaja mwanzoni ni vinne tofauti na kila kimoja kina mwenyewe. Kucheza pamoja mtandaoni kunaamuliwa na mwenye gemu akiruhusiwa na mwenye konsoli. Save inaamuliwa zaidi na mwenye gemu. Haki ya kununua mara moja inaamuliwa na mwenye duka. Na mashine yenyewe ni ya mwenye mashine. Ndo maana unakuta gemu moja ina hiki haina kile.

Save ndo rahisi kuliko vyote na nasikitika kila nikiona gemu imetoka bila hiyo. Unachohitaji ni akaunti ya tatu, isiyo ya Sony wala ya Steam, ambapo faili linapanda na kushuka. Cyberpunk 2077 wameweka, The Witcher 3 wameweka, unaingia na akaunti ya GOG, duka la gemu za PC. Baldur's Gate 3 wanatumia akaunti ya Larian, watengenezaji wake. Diablo IV ni akaunti ya watengenezaji wake pia, Battle.net. Kazi yake ipo, muundo wa save lazima uwe sawa kila mashine, ukitoa toleo jipya PC leo na konsoli likachelewa kwenye ukaguzi basi save ya PC inakuwa mpya kuliko gemu iliyopo konsoli na haifunguki, lazima ulifikirie hilo mapema. Na mods, yale mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, mtu kaweka mods PC, save yake imejaa vitu ambavyo konsoli haivijui. Ila haya yote yanatatulika, nasema kwa uhakika kabisa, shida ni kwamba yakiachwa mpaka mwisho wa mradi yanakatwa ili gemu iwahi tarehe.

Tatizo la hiyo akaunti ya tatu wachezaji wenyewe hawaipendi, na siwalaumu. Mnakumbuka Helldivers 2, Mei 2024? Gemu ilitoka PS5 na PC siku moja, wa PC na wa konsoli wanapigana bega kwa bega, watu wamefurahi, halafu Sony wakasema kila wa Steam lazima aunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Nchi nyingi hazina huduma ya PSN kabisa, watu walishalipa, gemu ikaondolewa Steam kwenye nchi zaidi ya 170, wachezaji wakaandika maoni mabaya kwa wingi mpaka Sony wakarudi nyuma siku chache tu baadaye. Kwa hiyo kuunganisha kunaweza kukawa ndo kifungo chenyewe, inategemea nani kashika akaunti.

Haki ya kununua mara moja, hapo kuna mfano mmoja mkubwa, Xbox Play Anywhere, ipo tangu 2016. Unanunua mara moja kwenye duka la Microsoft, unacheza Xbox na Windows, na save inakufuata yenyewe. Inawezekana kwa sababu duka la konsoli na duka la PC ni la mtu mmoja, hela inabaki nyumbani. Ila kumbuka ni kwa duka la Microsoft la PC tu, ukiwa umenunua Steam haihusiki. Huenda jamaa yako anatumia hiyo.

Sasa upande wangu kama mwandikaji, mnisamehe, sitaki mashine ziunganishwe zote. Fundi kauliza swali ambalo watu wamelipita, mashine moja au elfu. Konsoli inanipa kitu kimoja kisichobadilika, najua GB ngapi ninazo, najua diski ya SSD inasoma kwa kasi gani, napanga kila kitu mpaka nukta ya mwisho ya fremu. PC napanga kwa makisio. Hata ndani ya konsoli tu ukiongeza mashine dhaifu unaona shida, Xbox Series S ina GB 10 tu za RAM, na Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox mpaka Desemba 2023 kwa sababu ile sehemu ya kugawa skrini watu wawili ilikuwa haitoshei kwenye Series S, mwisho wakaitoa bila hiyo sehemu kwenye mashine hiyo. Wa PC walikuwa nayo tangu Agosti. Sasa jukwaa likiwa moja kabisa maana yake kila gemu ipite kwenye mashine dhaifu kuliko zote. Hilo linanitisha kuliko hizo asilimia 30.

Fundi_Bodi

BintiKodi heshima kwako dada. Hapo kwenye mashine dhaifu nakupinga kidogo tu, PC hakuna anayekulazimisha kupita mashine dhaifu, unaweka kiwango cha chini mwenyewe na mwenye kadi ya zamani anajua hayumo. Series S ilikuwa tatizo la sharti la Microsoft kwamba ukitoa gemu X lazima utoe na S. Jukwaa moja halilazimu kuwa na sharti kama hilo.

Na kuhusu dalili ambazo PediMbili aliuliza, hakuna aliyezigusa na mi naona ndo habari kubwa. Angalieni Valve, wenye Steam. 2015 walileta Steam Machines, PC za sebuleni zenye SteamOS, zikaanguka vibaya kwa sababu ile SteamOS ni Linux, mfumo tofauti na Windows, na gemu za Linux zilikuwa chache. Hawakukata tamaa. Agosti 2018 wakatoa Proton, inachukua gemu ya Windows na kutafsiri maombi yake ya DirectX kwenda Vulkan, lugha ya grafiki inayoeleweka Linux, papo kwa papo, mtengeneza gemu hajagusa kitu. Februari 2022 ikaja Steam Deck yenye SteamOS hiyohiyo, unaishika mkononi unabonyeza kitufe inalala, unabonyeza inaamka gemu iko palepale ulipoiacha, kwa mtumiaji ile ni konsoli. Lakini gemu zake ndo zilezile ulizonunulia PC miaka kumi iliyopita, na save zinapanda mtandaoni zenyewe. Hata lile tatizo la sheda, kwa kuwa Deck zote zina chipu ya familia moja, Valve wanaweza kukushushia sheda zimeshapikwa. Yaani mashine elfu na mashine moja kwa wakati mmoja. Novemba 2025 wakatangaza Steam Machine mpya ya kuweka chini ya tivii.

Microsoft nao wanakwenda hukohuko kwa mlango mwingine. Oktoba 2025 ilitoka ROG Xbox Ally ya ASUS, ni Windows kamili lakini ukiwasha unakutana na skrini ya Xbox, na Steam unaweka humohumo, na mpango wao wa kusambaza sheda zilizopikwa umeanzia hapo. Juni 2025 walipotangaza kwamba AMD ndo wataunda chipu za Xbox zijazo walisema wazi kwamba haitafungwa kwenye duka moja. Na Halo, gemu kubwa ya Xbox, ile Halo ya kwanza, wametangaza inakwenda PS5 mwaka 2026. Mwenye kukumbuka enzi za ugomvi wa Xbox na PlayStation anajua hilo ni zito kiasi gani.

Kwa hiyo mi jibu langu kwako mkuu, hakutakuwa na mkutano wa wakubwa kukubaliana. PC inajifunza kuwa konsoli, basi. Gemu ukinunua upande wa PC tayari una mashine za kampuni nyingi za kuichezea, nyingine za mkononi nyingine za sebuleni.

KipanyaTu

Fundi usisahau kusema ukweli wote, gemu kubwa za mtandaoni nyingi hazichezeki SteamOS kwa sababu ya zile programu za ulinzi. Mbili kati yake, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zilishawezesha Proton tangu 2021, ni mwenye gemu tu awashe, lakini Fortnite hawajawasha, na Apex Legends ilikuwa inacheza halafu 2024 wakaifunga Linux yote wakisema wanaochiti wanajificha humo. Mwenye Deck aliyekuwa anacheza Apex kila siku akaamka gemu haifunguki. Hilo kwangu sio jukwaa moja bado.

Fundi_Bodi

Ni kweli, hilo sikatai. Mtu anayeishi kwa gemu hizo mbili abaki Windows au konsoli.

Mzee_Katriji

Na mimi naomba niulize kitu maana wote mnasifia upande wa PC. Diski zangu je? Konsoli nikimaliza gemu namwazima mwanangu, nikitaka nauza, naibadilisha na mwenzangu, hakuna wa kuniuliza. PC hiyo habari ilishakufa, unachonunua ni ruhusa ya kucheza iliyofungwa kwenye akaunti, ukifa nayo inakufa. Steam wenyewe siku hizi wanaandika kabisa pale kwenye malipo kwamba unanunua leseni. Mkiunganisha jukwaa likawa la PC, na mimi nitaingizwa humo. Sikubali kirahisi.

BintiKodi

Mzee wangu shikamoo, hoja yako nzito na huku kazini hatuizungumzi vya kutosha. GOG wanauza gemu za PC ambazo unashusha faili la kuisetia unaliweka kwenye diski yako, halihitaji kuuliza seva yoyote ruhusa, kwa kuhifadhi ni bora kuliko Steam. Lakini kuuza tena au kubadilishana haiwezekani huko pia. Hilo la diski ni konsoli peke yake imebaki nalo, na hata huko linapungua, PS5 Pro ya 2024 imetoka bila sehemu ya diski, unainunua kando na kuichomeka mwenyewe.

Kaka PediMbili, kabla hujalipa tena ingia kwenye gemu yako hapohapo konsoli, uangalie menyu kuu na setingi kama kuna sehemu ya kuunganisha akaunti ya watengenezaji. Ikiwepo unganisha leo na upandishe save kabla hujaifuta gemu, maana ikishafutwa pamoja na save zake akaunti hiyo haitakuwa na cha kukurudishia. Halafu kwenye PC usubiri punguzo, gemu kubwa za zamani kidogo zinashuka sana. Kama sehemu hiyo haipo, waandikie watengenezaji wenyewe kwenye ukurasa wao wa maombi. Tunasoma yale maombi, na idadi ya walioomba jambo moja ndo kitu ninachopeleka kikaoni ninapotaka lisikatwe.